Hajambo, Ila: Barua ya Wazi kwa Mnaowasemea Wakubwa Wanaougua

Kwenu wasemaji wa ikulu na wa majumba ya kifalme. Kwenu wazee mnaokaa mlangoni kwa watemi wetu. Na kwenu wahariri mnaosubiri simu zao:

Wanaostahili shikamoo, shikamooni. Wengine, habari za kazi.

Naandika nikiwa Isevya, hapa Tabora, kwenye benchi la kijiwe cha kahawa ambako wafalme hufa na kufufuka kabla birika halijapoa. Machi 18, 2024, ilikuwa Jumatatu, fundi cherehani wetu aliingia na simu mkononi, uso umemshuka, akatangaza kwamba Mfalme Charles wa Uingereza hatunaye. Mzee anayeuza kashata, ambaye kwa kawaida hana neno na Wazungu, alivua kofia. Baadaye ikajulikana kwamba habari ile ilivumishwa na vyombo vya habari vya Urusi, na balozi za Uingereza kule Moscow na Kyiv zikalazimika kuandika kwamba ni uongo. Kofia ikarudi kichwani, kahawa ikaendelea.

Mama yake, Malkia Elizabeth, alipitia hayo hayo. Februari 2022, alipopata UVIKO-19, tovuti moja ya udaku ya Marekani ilimtangaza kuwa amekwisha kufa. Aliishi miezi zaidi ya sita baada ya hapo.

Wavumishaji wana methali yao: lisemwalo lipo, kama halipo laja. Kwa mtu wa miaka tisini na ushee methali hiyo haishindwi. Ukimtangaza kila mwezi, upo mwezi utakaokupa ushindi, na utazunguka mtaa mzima ukisema, "Si niliwaambia?" Yale matangazo mengine kumi na tisa hakuna atakayekudai.

Lakini wavumishaji siwaandikii. Hawasomi barua ndefu. Nawaandikia ninyi, kwa sababu uvumi ni mgeni anayeingia nyumba ambayo mwenyewe kaacha mlango wazi na taa zimezimwa.

Tazameni jinsi lugha yetu inavyosalimia. Unaingia wodini, mgonjwa kalala chali, dripu mkononi, macho yameingia ndani. Unamwambia, "Hujambo?" Anajibu, "Sijambo." Anavuta pumzi kidogo, halafu: "Ila mguu huu, ndugu yangu, usiku haunipi usingizi." Mgeni asiyetujua atadhani tunadanganyana. Kumbe kila mmoja wetu anajua kwamba "sijambo" ni ya adabu, na "ila" ndiyo habari yenyewe. Mtoto wa darasa la pili anajua kuisubiri hiyo "ila". Asipoisikia, anatulia, anajua kweli mtu hajambo.

Ninyi mmechukua neno la kwanza, la pili mkalifungia kabatini. "Anaendelea vizuri." Nukta. Na sisi, kwa kuwa tumelelewa kwa lugha hii, tunabaki tumekaa hapo hapo tukisubiri "ila". Isipotoka kwenu, ataitoa mtu mwingine.

Oktoba 2021 msemaji wa Malkia alisema amekubali ushauri wa madaktari apumzike siku chache. Haukuwa uongo. Kesho yake gazeti moja likatoa kwamba alilala hospitali usiku mmoja, na ikulu ikabidi ikiri. Tangu siku ile, kila neno "kupumzika" lilipotoka kwao, dunia nzima ililipima kwa mizani nyingine. Septemba 6, 2022 alisimama kule Balmoral kumpokea Liz Truss, waziri mkuu mpya, na watu walioiona picha ile walimpita waziri mkuu wakautazama mkono wa bibi, ambao ulikuwa na weusi juu ya kiganja. Mtu asipoambiwa, hujisomea mwenyewe, na mkono ni kurasa.

Siku mbili baadaye, Alhamisi, walifanya tofauti. Kwa saa zetu ilikuwa yapata saa nane na nusu mchana waliposema kwamba madaktari wana wasiwasi na hali yake na ameshauriwa abaki chini ya uangalizi. Maneno machache tu. Lakini "wasiwasi" ilikuwa "ila" kamili. Hapa kijiweni tulielewa. Aliyekuwa na redio aliongeza sauti, na mtu mmoja aliyeona runinga kwa jirani akaja kutuambia kwamba mtangazaji wa BBC kule London kesha vaa tai nyeusi. Saa mbili na nusu usiku tangazo likatoka. Cheti cha kifo kilipochapishwa mwishoni mwa mwezi kilisema alikata roho saa tisa na dakika kumi alasiri kwa saa za kwao, yaani saa kumi na moja na dakika kumi jioni kwetu, na sababu iliyoandikwa ilikuwa neno moja: uzee.

Kijiwe kiliuliza: kwa muda wote huo, wa saa tatu na dakika ishirini, walikuwa wanafanya nini? Nikawajibu kwamba walikuwa wanasubiri watoto na wajukuu wafike. Wote wakanyamaza, maana hakuna Mnyamwezi atakayelalamikia hilo. (Na kwa vijana wanaouliza Malkia wa Uingereza anatuhusu nini: kuanzia Desemba 9, 1961 hadi tukawa Jamhuri Desemba 9, 1962, alikuwa Malkia wa Tanganyika. Mwaka mmoja kamili. Msiba ule ulikuwa na kipande chetu, japo kidogo.)

Sasa niwaeleze kwa nini jambo hili linaniuma. Kabla ya kustaafu nilikuwa karani wa stesheni ya reli, ipi sitaji. Sehemu ya kazi yangu ilikuwa kusimama mbele ya abiria mia mbili wenye magunia, kuku na watoto, na kuwaambia treni iko wapi. Miaka ya mwanzo nilifanya mnavyofanya ninyi. "Treni inakuja." Wanauliza saa ngapi. "Inakuja." Baada ya saa moja wamenizunguka, baada ya saa mbili yupo anayeapa kwamba imeanguka darajani na watu wamekufa, na ana shemeji aliyeona. Mzee mmoja wa kazi akanivuta pembeni. Akasema, waambie itachelewa saa sita, na saa nne utarudi kuwaambia tena. Niliogopa watanipiga. Nikatangaza. Walilaani kidogo, kisha wakatandika mikeka, wakawasha majiko ya mkaa, watoto wakalala. Ilipofika saa nne nikarudi, japo sikuwa na jipya, nikawaambia sina jipya. Tangu hapo sikupata kusikia habari ya daraja wala shemeji.

Ile saa ya kurudi ndiyo ninayowaombea. Msitutajie ugonjwa, mwili wa mtu ni wake, awe mfalme, awe mkata tumbaku wa Urambo. Lakini tuambieni: anatibiwa, hali inatutia wasiwasi, tutasema tena kesho saa nne asubuhi. Na kesho saa nne mje, hata kama mnakuja kusema hakuna jipya.

Najua mtaniambia kwamba kuficha ni desturi, na kwamba mtu wa Tabora ndiye wa mwisho kuwafundisha. Kweli. Kwa desturi za zamani za Unyamwezi, kifo cha mtemi hakikuwa habari ya kutangazwa siku ile ile. Wazee walikaa nacho mpaka mrithi apatikane, kwa sababu kiti kilicho wazi kinaita vita, na mvua yenyewe ilihesabiwa kupitia mwili wa mtemi. Mirambo alipofariki Desemba 1884, baada ya kuugua koo, dola aliyoijenga kwa miaka mingi haikukaa sana baada yake. Basi wazee hawakuwa wajinga. Hata hilo neno "ikulu" ni la huku, makao ya mtemi. Mkikaa Magogoni au Chamwino mnakaa ndani ya neno letu.

Na kuna Kwihara, kilomita chache kutoka hapa nilipo, kwenye tembe alilokaa Livingstone. Mtu yule alizushiwa kifo mapema kuliko mfalme yeyote ninayemjua: mwishoni mwa 1866 wapagazi waliomtoroka walifika Unguja wakasema kauawa, na Uingereza ikatuma watu kwenda kuhakiki. Mwenyewe alikuwa hai. Miaka mitano baadaye Stanley alimkuta Ujiji, karibu na mwisho wa reli yetu. Kisha alipokufa kweli, Mei 1873, watumishi wake Chuma na Susi na wenzao wakaubeba mwili mpaka Unyanyembe, wakashauriwa wazike hapa hapa, wakakataa. Walipotoka kuelekea pwani, watu wa njiani wakagoma maiti isipite kwao. Wakafanya hila: wakafunga mabua ya mtama yakaonekana maiti, wakatuma watu kana kwamba wanairudisha kuzikwa Unyanyembe, na mwili halisi wakaufunga kama mtumba wa kitambaa. Ukapita. Februari 1874 ukafika Bagamoyo.

Nawasifu Chuma na Susi. Walificha maiti kwa siku walizohitaji, kwa kazi waliyoijua, na kazi ilipoisha wakaikabidhi kwa jina lake. Ninyi mnafunga mabua halafu mnatuomba tuyasalimie.

Machi 2021 sitaikalia sana, maana bado ni kidonda. Rais Magufuli hakuonekana hadharani tangu mwishoni mwa Februari. Machi 12 Waziri Mkuu aliwaambia waumini Njombe kwamba Rais ni mzima na anachapa kazi. Watu kadhaa wakakamatwa kwa tuhuma za kusambaza uvumi kwamba anaumwa. Jumatano ya Machi 17, usiku, Mama Samia, wakati ule Makamu wa Rais, akatangaza kwamba amefariki jioni ile, kwa maradhi ya moyo. Tulilia hapa Tabora kama kwingine. Lakini nakumbuka pia fundi cherehani alivyouliza, kwa sauti ndogo: sasa wale waliokamatwa?

Wapo waliokosea kwa upande wa pili. Mfalme wa Japani, Hirohito, alianguka Septemba 1988 akafa Januari 7, 1989, na katikati ya hapo wananchi wake walisomewa kila siku joto la mwili, mapigo ya moyo na damu aliyotapika, sherehe zikafutwa nchi nzima. Pamoja na tarakimu zote hizo, neno "saratani" halikutajwa mpaka alipokwisha kufa. Na Mfalme George V wa Uingereza, Januari 1936: daktari wake alimchoma sindano iliyoharakisha mwisho, na mojawapo ya sababu alizoziandika mwenyewe ni ili habari iwahi gazeti la asubuhi lenye heshima kuliko yale ya jioni. Hilo lilijulikana 1986, miaka hamsini baadaye. Wahariri, huyo daktari alikuwa anawafikiria ninyi.

Sasa wahariri, na hasa ninyi wa redio za mikoani, nisikilizeni vizuri.

Babu yangu alikuwa mwanangwa, kiongozi wa kijiji chini ya mtemi, mpaka serikali ilipoondoa madaraka ya machifu 1963. Hata baada ya hapo watu walimwita mwanangwa, naye hakuwazuia. Mwaka 2009, akiwa na miaka tisini kasoro, alilazwa siku kumi na mbili katika hospitali moja. Msemaji wa familia alikuwa baba mkubwa. Kila aliyeuliza alijibiwa: anaendelea vizuri. Wageni wakazuiwa. Siku ya kumi, baba mkubwa akaenda dukani kununua kitambaa cheupe, marikani, kwa sababu shuka za mzee zilikuwa zimeisha. Muuza duka akapima kwa mkono wake, akauliza taratibu, "Ya mzee?" Baba mkubwa hakupenda maongezi. Akajibu, "Ndiyo, ya mzee."

Jioni ile redio moja ya mjini ilisoma tangazo la kifo. Hakuna aliyetupigia simu.

Babu akaruhusiwa, akarudishwa nyumbani usiku kwa pikapu, kalazwa juu ya godoro nyuma. Walioiona pikapu wakathibitisha yote. Asubuhi kabla jua halijachomoza vizuri nikasikia vilio kutoka njia ya bondeni, vya wanawake, vile virefu. Wakaja na debe la mahindi, kuni kichwani, unga, kuku wawili. Babu alikuwa chini ya mwembe, kwenye kigoda, anakunywa uji wa mtama kwa kata. Akainua kichwa. "Nani kafa?"

Hakuna aliyejibu. Mama wa mbele alishusha debe lake polepole kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto, akapiga goti. "Shikamoo, mwanangwa." Nyuma yake vilio viliendelea, maana wa nyuma walikuwa hawajaona. Kisha akaja mtani wetu, Mgogo, ana kamba mkononi, anadai viatu vya marehemu kwa sauti ya kusikika mto wa pili. Marehemu akamwambia avichukue, vinambana.

Tulicheka siku ile mpaka machozi. Mahindi yakapikwa, watu wakala matanga ya mtu aliyekaa katikati yao. Lakini usiku babu aliniita ndani. Shangazi yangu mmoja alikuwa ameanza daftari la rambirambi asubuhi, kabla hajajua. Babu alitaka nimsomee. Nikamsomea kwa kibatari, jina kwa jina, na kiasi alichotoa kila mmoja. Nilipomaliza akasema nirudie. Niliporudia akauliza jina moja, la rafiki yake wa toka ujana waliyekuwa wakienda wote kurina asali porini. Halikuwepo. Akageukia ukutani.

Ukimtangaza mtu hai amekufa, unampa hesabu ambayo Mungu hakupanga aipate.

Alifariki miezi minane baadaye, wakati wa mvua. Safari hii tangazo tulilipeleka wenyewe, na redio ile ile ikalisoma. Watu wengi waliosikia walicheka: "Huyu mzee tena?" Makaburini tulikuwa wanaume sita. Udongo ulikuwa mzito, tukachimba kwa zamu mpaka alasiri, mimi na mikono yangu ya karani. Rafiki wa asali alifika siku ya tatu, kwa baiskeli, na dumu la lita tano limefungwa nyuma kwa mpira. Alisema alisikia redioni, akadhani ni ile ile.

Kwa hiyo, wahariri: kabla ya kusoma, pigeni simu kwa mtu mwenye jina, mwenye uhusiano na marehemu, na muwe tayari kumtaja. Mkikosea, sahihisho lisomwe saa ile ile ya tangazo, kwa sauti ile ile, si usiku wa manane katikati ya salamu. Kwa wasemaji: picha mnayotoa iwe ya leo; Machi 2024 mashirika makubwa ya habari yaliiondoa picha ya mke wa mrithi wa Uingereza kwa kuwa ilikuwa imerekebishwa, na baada ya hapo hata video yake akitembea dukani iliitwa bandia, mpaka alipojitokeza mwenyewe kusema ana saratani. Kwa wazee wa mlangoni: mkihitaji siku tatu za kukaa na msiba wenu, zichukueni, lakini msitumie siku hizo kutuletea salamu za marehemu. Na wenye pingu, mtu aliyeuliza "mzee wetu yuko wapi?" ameuliza kama mwana wa nyumba.

Nimemaliza. Mimi sijambo, ila goti la kushoto linanisumbua tangu Jumanne na kesho nakwenda kulionyesha. Nitakuwa kijiweni tena Ijumaa saa kumi jioni. Nisipoonekana, binti yangu atapita kuwaambia kulikoni.

Karani mstaafu,
Isevya, Tabora